Mstari wa Chaki Mbichi

Nimefika umri ambao gari likiacha kutoa baridi silalamiki, nashusha kioo tu. Lakini gari lenyewe ni la ofisi, na bosi wangu hashushi kioo, hivyo Jumanne iliyopita nikatumwa nilipeleke kwa fundi wa viyoyozi nyuma ya stendi. Nikakalishwa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nikaambiwa, "Subiri kidogo, mama." Kidogo ya mafundi mnaijua. Kijana akafungua boneti, akautoa mpira uliopasuka, na ile harufu ikanijia: mafuta ya kompresa, utamu fulani wa kuchefua, umechanganyika na raba iliyopata moto. Kisha akachukua kalamu nyeupe akauchora mpira mstari kabla ya kuukata. Nikasimama. Nikamwambia nakwenda kununua maji. Sikurudi mpaka saa kumi, na bosi akanisema sana, nami nikamwacha aseme.

Marehemu baba yangu alikuwa mbanaji wa mipira hiyo, Kigoma, pale Rusimbi. Mafundi wa leo wanaiita hozi. Yeye aliita mipira ya baridi, na sisi nyumbani tukafuata. Msidhani ilikuwa kazi ya maana tangu zamani. Kabla ya miaka ya wakimbizi nani Kigoma alikuwa na gari la kiyoyozi? Baba alibana mipira ya breki na ya matrekta, akavumilia. Kisha watu wakaanza kuvuka, wengine kwa miguu kupitia milimani, wengine kwa mitumbwi kutoka ng'ambo ya ziwa, na nyuma yao yakaja kwa treni magari meupe ya mashirika, marefu, yenye antena ya kuinama mbele, vioo vimefungwa kiangazi na masika. Barabara ya kwenda makambini iliyatikisa mpaka mipira ikasuguana na vyuma ikatoboka. Mpira ukitoboka gesi inatoka, gesi ikitoka baridi hakuna, na mgeni anaanza kulowa jasho kama sisi wengine. Hapo ndipo baba akaanza kuitwa Fundi hata na watu waliokuwa hawamsalimii.

Mashine yake ilikuwa nyekundu, ya kupampu kwa mkono. Aliinunua kwa kampuni moja ya barabara iliyokuwa inafunga virago. Ilikuwa na meno manane yaliyopangwa duara. Kichwa cha alumini kinaingizwa kwenye mpira, juu yake kinavikwa kikombe chembamba cha chuma, kikombe kinawekwa katikati ya meno, halafu baba anapampu taratibu, midomo inahesabu bila sauti, mpaka meno yanakutana. Ukibana kidogo, unavuja. Ukizidisha, unaukata mpira kwa ndani usijue mpaka gari lifike Kasulu. Vikombe vipya alikuwa navyo, lakini vichwa vipya havikupatikana mjini, kwa hiyo alivitoa vya zamani, akavisafisha kwa mafuta ya taa, akavitumia tena.

Sasa, vichwa vile havikunyooka. Kila kimoja kimepinda kama kiwiko, kimoja kinaelekea kwenye kompresa, kingine kinaelekea mbele ya gari, na kikishabanwa hakigeuki tena hata ukilia. Kwa hiyo kabla hajakata mpira wa zamani, baba aliuchora mstari mmoja toka kichwa hadi kichwa, ili baadaye ajue kila kichwa kilikuwa kimetazama wapi. Alitumia chaki ya shule aliyoiloweka kwenye kikopo cha maji. Chaki kavu, alisema, inafutika kwa kiganja, lakini mbichi ikikauka inashika. Akishachora, anaulaza mpira juu ya benchi na kuondoka. "Mstari ukauke," anasema, na hapo ndipo anapokwenda kuswali au kunywa kahawa. Hakuna aliyeruhusiwa kugusa. Tangu sijajua kusoma nilijua kwamba mstari ukipotea, mpira huo umeharibika.

Mama alikuwa Mrundi. Leo naandika hivyo bila kutetemeka, lakini wakati ule neno hilo halikutamkwa nje ya mlango wetu. Alikuja akiwa msichana, kabla ya ghasia, kwa shangazi yake aliyelima Mwandiga, baba akamwona, akamposa, wakaoana. Karatasi nani alizifikiria! Ghasia zilipokuja, ikaja na amri kwamba wakimbizi wote wakae makambini, na mtu mwenye Kirundi mdomoni asiye na karatasi alishushwa kwenye basi pale kwenye kizuizi cha barabarani, akapandishwa lori. Haikujalisha umeolewa na nani wala una watoto wangapi wa hapa. Mama akaacha kupanda magari. Sokoni alinunua kwa kidole: anaonyesha, anatoa hela, anaitikia kwa kichwa, watu wakamdhania ana maringo. Ndani ya nyumba ndimo alimoongea, na humo, kwa l yake iliyogeuka r, ungesikia "rete maji", na "oya" kwa maana ya hapana, na "mwana wanje", yaani mwanangu. Mimi nilikatazwa hata kuimba nje wimbo alionifundisha. Nilikuwa na miaka saba, na siri ile ilinichosha mpaka usingizi.

Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikaa Mama Nestori, muuza mawese, Mrundi kama mama. Asubuhi moja alitoka na beseni lake kichwani, akasimamishwa, akaambiwa apande gari akaandikwe tu, atarudi. Hakurudi. Mwanawe Nestori, rika langu, alikaa mlangoni wiki nzima anatazama barabara, na tukimwita kucheza hatoki. Sisi watoto tukaambizana kwamba Warundi wanarudishwa kwao, na huko kwao hakuna njia ya kurudia. Hivyo ndivyo nilivyoyaelewa mambo ya wakubwa: Mrundi akipanda gari, basi, imetoka hiyo.

Niwaambie sasa nililokuja kuambiwa baadaye, msije mkapotea kama nilivyopotea mimi. Bibi yangu, mama yake mama, ambaye mimi nilijua yuko Burundi, alikuwa amevuka. Alikuwa kambini, njia ya Kasulu, amelala kwenye mkeka wa zahanati, anamuuliza kila anayepita kama anamjua binti yake aliyeolewa na fundi wa mipira Kigoma. Aliyemsikia ni Elias, dereva wa gari moja jeupe, Muha wa Kasulu, mteja wa baba. Elias akaja kunong'ona. Mama hakuwa amemwona mama yake tangu aondoke kwao. Basi la abiria hawezi kupanda, lakini gari jeupe lilipita kizuizini kwa kupungiwa mkono. Elias akamwangukia bosi wake, daktari wa kizungu, mama mtu mzima mwenye pumu, na yule mama akakubali: Jumatano asubuhi kwenda, jioni kurudi. Siku moja tu. Bibi akapelekewa habari. Mimi sikuambiwa kwa sababu ya mdomo wangu, na sina wa kumlaumu, mdomo nilikuwa nao kweli.

Jumanne mchana Elias akaingia uani kwetu na mpira mkononi, mafuta yanamchuruzika mpaka kiwikoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kulikoni na uso huo, Elias?"

"Umetoboka. Gari liko yadi, nimeufungua mwenyewe. Bosi kasema bila baridi haendi, na ana haki. Vumbi la kiangazi hiki na pumu yake, tukifungua vioo tutamzika njiani."

Baba akaupima mpira kwa shubiri, akaingia stoo, akatoka na kipande. "Unene huu ninao huu tu, mpaka treni ilete mwingine."

"Si unatosha?"

"Unatosha kwa kubahatisha. Hauna hata kidole cha ziada."

"Basi, Fundi, umetuokoa. Kesho alfajiri naja kuuchukua, nafunga, natia gesi, saa mbili tunaondoka na..." Akaniona, akajikohoza.

Nikamuuliza, "Gari bila mpira haliendi?"

Elias akacheka, akanifinya shavu. "Gari linakwenda, bi mdogo. Bosi wangu ndiye haendi. Bila baridi yule haendi hata chooni."

Nikaingia ndani. Mama alikuwa amekaa chini anakunja nguo: vitenge viwili vipya, sabuni ya kipande, sukari, na ile picha ya siku waliyooana, iliyokuwa imening'inia ukutani tangu nizaliwe. Ukutani pamebaki msumari. Akaniita nikae katikati ya magoti yake, akanisuka, akakaza mpaka macho yakanivutika.

"Kesho utashinda kwa Mama Tatu," akasema. Huyo ni jirani yetu wa ukuta mmoja. "Usimsumbue."

"Wewe unakwenda wapi?"

"Naenda mahari furani. Nitarudi jioni."

Nitarudi! Hata Mama Nestori aliambiwa atarudi. Kisha baba akaja mlangoni, nikasikia mama anamwambia kwa sauti ya chini, "Nikifika kwa mama nitamwambia nini, miaka yote hii?" Kwa mama. Mimi nilijua mama yake anakaa wapi, niliambiwa tangu mdogo: kule nyuma ya milima, Burundi. Picha imetoka ukutani, nywele zimesukwa za kukaa wiki nzima, na gari linakuja asubuhi. Mtoto yeyote angepiga hesabu hiyo.

Alasiri baba akachora mstari wake. Namwona bado: amechuchumaa, kidole kimoja kimekandamiza mpira, chaki inatembea pole pole toka kiwiko hadi kiwiko, mstari mwembamba kama uzi. Akaulaza juu ya benchi. "Mstari ukauke," akasema, akachukua kofia yake akaenda msikitini.

Nilikwenda moja kwa moja, sikuzunguka. Nilishika pindo la gauni langu nikafuta alama ya kwenye kichwa kimoja, kile kidogo. Chaki ilikuwa mbichi, ilitoka kwa mara moja, ikabaki kivuli tu. Nikachovya kidole kwenye kikopo, nikachukua chaki, nikachora alama nyingine pembeni, robo ya mzunguko hivi. Alama ikawa nene kuliko yake. Nikarudisha kila kitu palepale. Sikuona kama nafanya ubaya, na hilo ndilo ninalotaka mlielewe. Nilikuwa nafunga mlango ili mama asitoke.

Baba akarudi. Mstari ulikuwa umekauka. Akakata mpira wa zamani, akapasua vikombe, akatoa vichwa, akavisafisha huku akikwepa alama, maana alama ndiyo kila kitu. Ule mpira mpya ulikuwa na mstari wake wa kiwandani, yeye analinganisha tu alama za vichwa na mstari huo. Jua lilikuwa limeinama, na sijawahi kumwona baba akiutilia shaka mstari aliouchora mwenyewe. Akasema bismillahi, akapampu. Meno yakakutana. Mimi nimekaa kwenye kizingiti, namtazama.

"Mama yangu, mbona umenyamaza?" akaniuliza. Baba aliniita hivyo, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Mwajuma.

"Naumwa tumbo."

"Kanywe uji ulale."

Alfajiri Elias akachukua mpira. Mama alikuwa ameshaoga, amevaa viatu vyake vya kufunga na kitenge cha njano, mfuko miguuni, amesimama uani kwa sababu akikaa nguo itajikunja. Haikupita saa nzima, Elias huyo, mbio, na mpira mkononi.

"Fundi, haukai! Kichwa hiki kinatazama juu, kinatakiwa kitazame ubavuni. Nimejaribu kuuzungusha, hauzunguki."

Baba akaupokea. Akautazama upande mmoja, akautazama wa pili, na pale kwenye kichwa kidogo akaganda. Nilijua alichokuwa anakiona. Alama nene ya kitoto, na robo ya mzunguko pembeni yake, kivuli cha mstari wake mwembamba. Akainua macho, akatazama pindo la gauni langu lililokuwa jeupe kwa chaki. Akanitazama usoni. Kisha akalowesha kidole gumba kwa mate, akafuta alama zote mbili.

"Kosa langu, Elias," akasema. "Macho yamezeeka."

"Kosa rako?" Mama akasema. Kwa sauti, uani, mlango wa nje uko wazi, na Kirundi chake chote mdomoni. Mara ya kwanza kumsikia anaongea nje. "Kosa rako, Fundi wanje? Reo?"

Ilikuwa siku ndefu ile. Kukata upya haikuwezekana, kila ukikata mpira unapungua vidole vinne, na nimeshawaambia ulivyokuwa hauna ziada. Baba akapanda baiskeli akaenda Mwandiga kwa mwenye gereji pale barabarani, hakuna. Akaenda Bangwe kwenye mafundi wa boti, akapewa mpira wa mafuta, akarudi nao akijua haufai; gesi inapenya humo baada ya saa chache, na mgeni atakwama katikati ya vumbi. Mama akasema basi yeye anapanda basi la abiria. Akachukua mfuko. Baba akasimama mlangoni, akaushika mlango kwa mikono miwili.

"Ukishushwa kizuizini nitakupata wapi? Niambie. Nitakupata wapi?"

"Toka."

"Sitoki."

"Mama yangu yuko peke yake pare!"

"Treni inakuja Ijumaa. Siku mbili, Mama Mwajuma. Siku mbili tu."

Mimi nimejibanza nyuma ya pipa la maji. Neno "pale" sikulielewa, na la mama yake kuwa peke yake sikulielewa, nilichoelewa ni kwamba baba naye hataki aondoke, kwa hiyo tuko wawili. Nikafurahi, Mungu anisamehe.

Treni ilikuja Ijumaa jioni na mpira ukaja. Jumamosi asubuhi gari jeupe likasimama mbele ya nyumba, mama akapanda nyuma, kioo kikafungwa, likaondoka. Nililia mpaka sauti ikakauka. Mama Tatu alinipa muwa, sikuutaka, akanipa dagaa wa kukaanga, sikuwataka, mwishowe akaniambia, "Haya, lia, ukichoka utakula." Nikakaa mlangoni kama Nestori.

Jioni, kabla ya Magharibi, gari likarudi. Mlango ukafunguliwa na mama akashuka.

Jamani, sikuwahi kufurahi vile, wala sitafurahi tena vile. Nikaruka, nikamkumbatia magoti, nikapiga kelele mtaa mzima unasikia, "Umerudi! Mama umerudi! Umerudi!" Nacheka, najizungusha. Yeye amesimama tu. Alikuwa na vumbi kwenye nyusi na mkononi ameshika kitenge kimoja kichakavu, si kati ya vile alivyokwenda navyo. Akamwambia baba juu ya kichwa changu:

"Wamemzika Arhamisi."

Baba akasema inna lillahi.

"Jumatano arikuwa anaongea," mama akasema. "Ariwauliza kutwa nzima kama gari rimefika."

Kisha akaingia ndani, na hapo ndipo niliposimuliwa, na Mama Tatu, kwa sauti ya kuniliwaza, kwamba mama alikwenda kumwona bibi na bibi amefariki, kambini hapo njiani tu, kwa hiyo nimhurumie. Nilisikiliza mpaka mwisho. Niliketi chini. Tangu siku hiyo naweza kusema utoto wangu ulikuwa umekwisha, ingawa niliendelea kucheza rede na kuvunja vikombe kama wengine.

Baba hakunigusa. Hakunisema, hakuniuliza, hakunitazama vibaya hata mara moja. Kitu pekee alichobadilisha ni chaki: akaiacha, akaanza kukwaruza vichwa kwa msumari. Mama ndiye aliyebadilika, lakini kwa baba. Alikuwa akimwita Fundi wanje, tangu uchumba wao, hata mbele yangu, na baba akijifanya kuona haya. Akaacha. Akawa anamwita Baba Mwajuma, kama wake wengine wote wa mtaani. Chakula anakiweka, anaondoka. Baba akitania hacheki. Akimwambia mkono unamuuma kwa kupampu, anampa dawa ya kuchua, anaiacha juu ya meza. Kila asubuhi baba anamwamkia, "Umeamkaje, Mama Mwajuma?" naye anajibu, "Vizuri," na hayo ndiyo mazungumzo yao mpaka jioni. Mimi nikiwa katikati, nakula, najua. Nilijua baba anabeba mzigo wangu, na kila siku nilisema leo nitamwambia mama, na kila siku niliogopa. Nikamaliza shule, nikaenda chuo Tabora, nikapata kazi, nikazaa. Mashirika yakafunga, magari meupe yakapungua, baba akarudi kwenye mipira ya matrekta. Mama akapata karatasi zake hatimaye, akawa anabishana bei sokoni kwa sauti. Nilikuwa nakuja likizo, nawakuta hivyo hivyo, wazee wawili wenye adabu.

Baba alifariki kwa presha, ghafla, akiwa anafunga stoo jioni. Baada ya arobaini, wageni wakiwa wameondoka, mimi na mama tulikaa uani tunasafisha migebuka ya mchana. Nilikuwa nimechoka na msiba, nimechoka na safari, na zaidi ya yote nimechoka na lile neno. Nikalitoa. Nikamwambia yote: chaki, pindo la gauni, Mama Nestori, picha ukutani. Nikamwambia baba hakukosea, alikuwa ananikinga, na wewe ukamwadhibu bure maisha yake yote, na aliyemnyima bibi yangu kukuona ni mimi.

Hakuacha kisu. Alimaliza samaki aliyekuwa naye, akamtia kwenye beseni, akachukua mwingine.

"Arinambia," akasema.

"Nani?"

"Baba yako. Usiku ureure niriporudi. Ariogopa ningesikia kwa mtu mwingine."

Nikarudisha samaki wangu kwenye beseni.

"Niriinuka nije nikupige. Si kupiga kwa mtoto, mwana wanje. Ningekuua. Mikono hii nirikuwa naiona. Akanishika hapa, akasema, huyo ana miaka saba, hajui kitu, nunia mimi. Mimi nimekomaa, nunia mimi mpaka ikuishe." Akapangusa magamba kwenye mkono. "Basi nikamnunia. Nirihitaji mtu mzima wa kumnunia."

"Na ikakuisha?"

"Iriisha zamani. Ukiwa darasa ra nne, ra tano, irikuwa imeisha. Rakini mdomo urishazoea. Nirikuwa nikitaka kumwita vire nirivyokuwa namwita, naona haya. Mtu mzima, nianze tu ghafura asubuhi moja? Nasema, kesho."

Nikamuuliza kama baba alijua kwamba imeisha, kama alimwambia hata mara moja.

"Oya," akasema, na sasa kisu kikasimama. "Hata asubuhi ire ya mwisho ariponiamkia, nirimjibu tu, vizuri. Nirikuwa bado nasema kesho."